Milimita zangu tatu zimekwenda wapi?

Daktari, shikamoo.

Nina pengo la gego la chini, upande wa kushoto, lile kubwa la kwanza. Liling'olewa miaka 4 iliyopita baada ya kuzibwa mara mbili na kuoza tena chini ya kizibo, nami nikajiambia pengo la huko nyuma nani atalichungulia. Nyuma yake bado nina gego jingine, na mbele yake meno yote yapo. Siku hizi nimechoka kutafunia upande mmoja, halafu jino la juu linalotazamana na pengo naona kama limeanza kushuka. Nimeamua kupandikiza jino bandia, lile la skrubu ndani ya mfupa.

Daktari wa kwanza alinipiga ile picha ya panorama, ya mashine inayozunguka kichwa. Akachora mstari kwenye skrini kutoka ukingo wa juu wa mfupa hadi kwenye mfereji wa neva, akasoma: milimita 14. "Mfupa unao wa kumwaga," akasema, "tutaweka kipandikizi cha milimita 12." Nikapewa tarehe.

Nilipomweleza mjomba wangu alikataa katakata. Yeye aliwekewa kipandikizi miaka 2 iliyopita, kwingine kabisa, na mpaka leo mdomo wake wa chini una ganzi upande mmoja. Akinywa maji hajui kama yanamchuruzika kidevuni mpaka aone shati limelowa. Akanisihi niende kwa daktari mwingine. Huyo wa pili akaagiza skani ya 3D. Majibu nimeyanakili hivi: kimo cha mfupa hadi mfereji 11.3, upana wa juu 5.2, "mbonyeo upande wa ulimi". Anasema cha milimita 12 hakiingii hata kwa dawa. Anataka kuweka kifupi, kuongeza mfupa kidogo pembeni, na kutoboa akitumia kifuniko cha plastiki chenye tundu kinachotengenezwa na printa.

Sasa naomba unisaidie. Taya ni lilelile na picha zimepishana wiki 3 tu. Hizo milimita zimekwenda wapi? Mionzi yote hii ndani ya mwezi mmoja haitanidhuru? Na hicho kifuniko, kikishawekwa, ndiyo basi hakuna kukosea tena? Nyumbani wengine wananiambia wa kwanza ni kanjanja, wengine wanasema wa pili anarefusha safari ili anile hela.

Mwenye Pengo

*

Marahaba, Mwenye Pengo.

Milimita zako hazijapotea, maana hazikuwapo. Shika mkono wako kati ya taa na ukuta, kisha utazame kivuli: ni kikubwa kuliko mkono. Picha ya panorama ni kivuli cha namna hiyo. Mionzi hutoka upande mmoja wa kichwa, hupita kwenye taya, na kipokezi kiko mbali kidogo upande wa pili, kwa hiyo taya hutokea kubwa kuliko lilivyo. Kwa kawaida ukubwa huongezeka kwa asilimia 20 hadi 30, kutegemea mashine. Chukua 14 zako, ugawe kwa 1.25. Unapata 11.2. Skani imesema 11.3. Kwa hiyo picha zako mbili zinakubaliana vizuri tu. Aliyekosea ni mstari uliosomwa kama ulivyo bila kusahihishwa.

Wapo madaktari wanaofanya kazi nzuri na panorama kwa hila moja ndogo. Kabla ya kupiga picha wanabandika kigololi cha chuma chenye kipenyo cha milimita 5 mahali penye pengo. Kigololi kikitokea kwenye picha na milimita 6.25, basi wanajua picha imekuza kwa robo, na kila kipimo cha jirani wanakirudisha chini kwa kiwango hicho. Nasema cha jirani kwa sababu panorama haikuzi sawasawa kila mahali. Ukiinua kidevu kidogo, au ukisimama nusu hatua mbele ya alama, kimo kinabadilika, na vipimo vya kulala ndivyo visivyoaminika kabisa. Muulize yule wa kwanza kama aliweka kigololi, au kama programu yake ilikuwa imesahihishwa kwa ajili ya mashine ile. Huenda ana jibu. Kumwita kanjanja ni kumwonea, kwani vipandikizi vingi sana duniani viliwekwa kwa panorama pekee na watu wanatafunia hadi leo. Hata wataalamu wa picha za meno wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2012, wanasema uanze na panorama kwa kuangalia hali ya jumla. Ila wanaongeza kwamba mahali penyewe pa kutoboa pakaguliwe kwa picha inayoonyesha mkato wa mfupa.

Na hapo ndipo penye uzito wa barua yako, kuliko hata kwenye zile milimita tatu. Ukiutazama ukuta kwa mbele, unaujua urefu wake na kimo chake, lakini hujui kama ni wa tofali moja au mawili. Panorama inatazama taya kwa mbele. Upana haiuoni. Na jino likishang'olewa, upana ndio unaokwenda kwanza: ndani ya mwaka mmoja ukingo wa mfupa unaweza kupungua karibu nusu ya unene wake, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Wewe una miaka 4. Ukipapasa kwa kidole unahisi ufizi mnene ukadhani chini yake pana mfupa mpana, kumbe nusu ya unachokishika ni nyama.

Ukirudi kwa daktari wa pili, mwombe akufungulie vile vipande vya skani vilivyokatwa kutoka shavuni kwenda ulimini, akae navyo akiviperuzi polepole kutoka jino la mbele ya pengo hadi la nyuma. Usione haya, taya ni lako. Utaona umbo kama tone la maji lililogeuzwa au kama yai refu: ukingo mweupe ni mfupa mgumu, ndani yake pana kitu kama sponji, na kuelekea chini kuna kiduara cheusi ambacho mara nyingi kimezungukwa na mstari mweupe mwembamba. Kiduara hicho ni mfereji wa neva. Humo hupita neva inayokupa hisia za meno ya chini, mdomo wa chini na kidevu. Hiyo ndiyo iliyomchuruzisha maji mjomba wako. Kwenye programu nyingi daktari huipaka rangi ili asiisahau. Angalia pia kama kiduara kinaonekana waziwazi au kama daktari anakisia. Kwa baadhi ya watu ukingo wake hafifu sana, na hapo tahadhari inabidi iongezwe.

Sasa tazama upande wa ulimi. Ule "mbonyeo" ulioandikwa kwenye ripoti ni mahali ambapo taya limejikunja kwa ndani, chini ya magego, kuipa nafasi tezi ya mate. Karibu kila mtu anao, ila kina chake kinatofautiana. Keekee ikishuka wima kwenye taya lenye mbonyeo mkubwa inaweza kutokea upande wa pili wa mfupa, ndani ya sakafu ya mdomo, penye mishipa ya damu. Damu ikivujia huko haitoki nje ukaiona. Inavimbisha sakafu ya mdomo, inausukuma ulimi juu na nyuma, na mgonjwa anaanza kukosa hewa. Ni jambo la nadra, na sikusimulii ili ukimbie. Nakusimulia ili ujue ni kwa nini neno moja la ripoti limembadilishia mtu mpango mzima. Katika panorama mbonyeo huo ungeonekana, sanasana, kama kivuli hafifu.

Tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo itakayokuondolea wasiwasi kuliko maneno yangu. Una 11.3. Desturi yetu ni kuacha angalau milimita 2 kati ya ncha ya kipandikizi na mfereji. Zinabaki 9.3. Halafu kuna jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi: keekee iliyoandikwa 10 mara nyingi ina ncha iliyochongoka ambayo haikuhesabiwa, na inaweza kuzidi hadi karibu milimita moja. Kwa hiyo tundu la kipandikizi cha 10 linaweza kufika 11, na mfereji wako uko 11.3. Hapo unacheza na tatu ya kumi ya milimita. Kipandikizi cha 12 kingekuwa kimeshaingia ndani ya mfereji kabla hatujazungumzia kosa lolote la mkono. Kipandikizi cha 8, pamoja na ile ncha, kinafika 9, na bado zinabaki 2.3. Ndiyo maana daktari wa pili anataka kifupi. Zamani tuliviogopa vifupi; leo cha milimita 8 si cha kuonea haya.

Kwa upana, 5.2 ukiweka kipandikizi chenye unene wa 4, kila upande unabakiwa na 0.6. Mfupa mwembamba hivyo huliwa taratibu, ufizi unashuka, na skrubu ya titani inaanza kuchungulia. Tunapenda kubaki na milimita moja na ushei kila upande, na upande wa shavu ukipata karibu 2 ni heri. Kuongeza mfupa kwako si mapambo. Uliza tu swali moja: mfupa utaongezwa siku ileile ya kipandikizi, au kwanza upone ndipo warudi? Kama ni kwanza upone, hiyo skani uliyonayo itakuwa ya taya la zamani, na kielekezi kitahitaji kipimo kipya. Anayetengeneza kielekezi kutokana na picha ya kabla ya kuongeza mfupa anapima nguo kwa mtu mwingine.

Nimesema kielekezi. Hicho kifuniko chako kina jina la Kiingereza, guide, ambalo tukiliswahilisha kivivu tutapata "gaidi", na sitaki gaidi mdomoni mwa msomaji wangu.

Mionzi kwanza, nisije nikaisahau. Mtu wa kawaida duniani hupata kutoka ardhini, angani na mwilini mwake mwenyewe wastani wa mikrosiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 2,400 kwa mwaka, yaani kati ya 6 na 7 kila siku, akiwa amelala au yuko macho. Panorama moja ni kama 10 hadi 25. Skani ya 3D ya meno inatofautiana sana: ikibanwa ipige kipande kidogo cha taya ni makumi kadhaa tu, ikiachiliwa ipige uso mzima inaweza kufika mamia. Kwa kulinganisha, siti skani ya kichwa ya hospitalini huwa karibu 2,000. Ulichopata mwezi huu hakipaswi kukunyima usingizi. Kinachopaswa kukukera ni kurudiwa bila sababu. Mafaili ya skani hiyo ni yako, yaombe yote kwenye diski au kwa njia nyingine yoyote, si karatasi yenye picha mbili, ili daktari wa tatu akitokea asikurudishe kwenye mashine. Ikiwa itabidi upigwe tena, omba wabane eneo liwe la pengo lako na jirani zake. Kama kuna uwezekano wa mimba, sema kabla.

Na siku hiyo utulie kama gogo. Otto Walkhoff, daktari wa meno wa Ujerumani, alijipiga picha ya meno yake Januari 1896, wiki chache tu baada ya mwanafizikia Röntgen kutangaza ugunduzi wa mionzi hii, na inasimuliwa kwamba alilala bila kujitikisa kwa dakika 25. Wewe unaombwa sekunde kama 10 hadi 20. Ukimeza mate katikati, kingo za mfupa zinatokea mara mbili kama maandishi yaliyochapwa na mkono uliotetemeka, na hakuna programu itakayokurudishia nusu milimita iliyofutika. Kofia za chuma za meno na vizibo vya zamani navyo hutupa michirizi kwenye picha. Kama vipo karibu na pengo, kumbusha.

Turudi kwenye kielekezi. Ili kitengenezwe, skani ya mfupa peke yake haitoshi, kwa sababu inaona mfupa vizuri na ufizi vibaya. Daktari atapitisha skana ndogo mdomoni, ichukue sura ya meno na ufizi, kisha programu itazilaza picha hizo mbili moja juu ya nyingine kwa kulinganisha meno yako yaliyobaki. Baada ya hapo linachorwa jino jipya kwanza, mahali litakapotafunia, ndipo kipandikizi kinatafutiwa mahali chini yake. Mpangilio huo una maana. Anayeanza na mfupa huweka skrubu penye mfupa mwingi, halafu fundi wa meno analazimika kujenga jino limeinama kama mnara uliokosewa msingi. Na hapa nakuomba usipite juu ya jambo ulilolitaja wewe mwenyewe kwa kupita: lile jino la juu linaloshuka. Skani ya mfupa haitalalamika juu yake. Skana ya mdomoni ndiyo itakayoonyesha kama imebaki nafasi ya kutosha kujenga jino jipya kwa kimo. Kama haikubaki, jino la juu litachongwa kidogo au kurudishwa juu kwa waya, na heri ijulikane sasa kuliko siku ya kuvalishwa taji.

Je, kikishawekwa hakuna kukosea? Kupo. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikuta kwamba kwa kielekezi, kipandikizi hutofautiana na mpango kwa wastani wa milimita 1.2 mdomoni mwa tundu, 1.4 kwenye ncha, na nyuzi 3.5 za mwelekeo. Huo ni wastani, maana yake wapo waliozidi. Tena tafsiri 1.4 hiyo kwenye hesabu yetu: kwa kipandikizi cha 8 zilibaki 2.3, ukitoa 1.4 bado kuna karibu milimita nzima ya mfupa juu ya neva. Kwa cha 10 zilibaki 0.3. Hapo ndipo ujue ile desturi ya milimita 2 iliwekwa kwa kazi gani.

Kosa huingia kidogo kidogo: mgonjwa alijitikisa, picha mbili hazikulala sawasawa, printa ilipinda kidogo, keekee inacheza ndani ya tundu. Lakini kubwa kuliko yote ni kielekezi kisichokaa. Wewe una bahati, pengo lako lina meno mbele na nyuma, na kielekezi kinachokaa juu ya meno huwa imara kuliko kinachokaa juu ya ufizi mtupu. Kizuri kina madirisha madogo juu ya meno. Daktari anachungulia humo: jino likigusa plastiki bila mwanya, kimekaa. Mwambie akijaribishe kabla ya kukuchoma sindano ya ganzi, akibonyeze upande mmoja kisha upande wa pili. Kikibembea kama stuli ya miguu mibovu, kazi ya siku hiyo isimame.

Jaribu pia kitu kimoja nyumbani mbele ya kioo. Simamisha vidole vitatu, uviingize kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikikataa kuingia, mwambie daktari mapema, kwa sababu keekee za kielekezi ni ndefu na huko kwenye gego nafasi ni finyu. Wapo wanaofika kitini na kielekezi safi halafu chombo hakiingii mdomoni. Tena plastiki hiyo inazuia maji ya kupoza yasifike vizuri kwenye tundu. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu huanza kufa, na kipandikizi hakishiki kwenye mfupa uliokufa. Daktari mzoefu hutoboa kidogo, anaitoa keekee, maji yanaingia, anarudi. Ukimwona anakwenda hivyo kwa vituo usidhani anasitasita.

Kwa hiyo mimi ningebaki na wa pili. Si kwa sababu ana mashine kubwa, ila kwa sababu alisoma vipimo akabadilisha mpango wake. Skani inayopigwa kisha mpango ukabaki uleule wa kichwani ni mionzi ya bure.

Mjomba wako naye asiachwe. Baada ya miaka 2 hisia kurudi zote ni vigumu, lakini akamwone daktari wa upasuaji wa kinywa, apigwe skani ya eneo hilo dogo ionekane kama kipandikizi kimegusa mfereji. Kama ganzi yake inaambatana na maumivu ya kuwaka au kuchomachoma, hayo yana dawa zake na hapaswi kuyavumilia. Waliowahi ndio wanaopona zaidi. Kipandikizi kinachobana neva kikirudishwa nyuma au kutolewa ndani ya siku moja na nusu hivi, matumaini ni makubwa. Wiki zikipita yanafifia. Ganzi ya sindano hukuacha baada ya saa chache. Ukiamka kesho yake asubuhi na mdomo bado umekufa ganzi, hiyo si sindano tena, piga simu asubuhi hiyohiyo wala usingoje siku ya kutoa nyuzi. Namba ya kumpigia iombe kabla hujakaa kwenye kiti.